Nani Kakwambia Hujui Hesabu?

Ukitaka kujua shule zetu zinavyomchukulia mzazi wa mtoto wa darasa la awali, nenda kwenye kikao cha wazazi. Ajenda hazibadiliki: mchango wa uji, posho ya mlinzi, sare. Mwishoni mwalimu anaasa, "Wazazi, tushirikiane kuwafuatilia watoto." Tushirikiane vipi, hasemi. Watu wanaitikia "sawa, mwalimu", wanatawanyika.

Kwenye kikao kimoja cha namna hiyo nilikaa jirani na mama muuza maandazi. Somo la hesabu lilipoguswa akaninong'oneza, "Huko mimi simo. Hesabu zilinipiga chenga tangu darasa la tatu. Atajua mwalimu na mtoto wake."

Nilishangaa, maana mimi ni mteja wake. Chukua maandazi saba ya mia mbili mbili, mpe noti ya elfu tano: kabla hujafunga mfuko, elfu tatu na mia sita iko mkononi mwako. Anajua kilo ya unga inatoa maandazi mangapi, nani anadaiwa, na kitakachobaki akishatoa mafuta, sukari na mkaa. Huyo ndiye anayesema hajui hesabu. Na mwanawe wa miaka mitano anamsikia.

Hapo ndipo penye tatizo letu kubwa kuliko hata uhaba wa vitabu. Tumeamini kwamba hesabu ni ile ya ubaoni, yenye tiki nyekundu, na kwamba ya sokoni na jikoni ni ujanja tu wa maisha. Mzazi anayeidharau akili yake mwenyewe anamwachia mtoto hofu kabla hajampeleka shule.

Gharama ya hofu hiyo tunaiona baadaye. Katika matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2023, waliofaulu Hisabati walikuwa takriban mmoja tu kati ya kila watahiniwa wanne. Tunawalaumu walimu wa sekondari, lakini mizizi iko chini zaidi. Mwaka 2007 mtafiti Greg Duncan na wenzake walichapisha uchambuzi wa takwimu za watoto waliofuatiliwa kwa miaka mingi Marekani, Kanada na Uingereza. Walikuta kwamba ujuzi wa hesabu ambao mtoto anaanza nao shule ndio uliobashiri maendeleo yake ya masomo kwa nguvu zaidi, kupita hata ujuzi wake wa awali wa kusoma.

Lakini ujuzi wenyewe ni upi? Si kuimba moja mpaka ishirini mbele ya wageni. Mpe mtoto wa miaka mitatu vijiko vitano avihesabu. Atataja moja, mbili, tatu, nne, tano bila kukosea. Muulize, "Kwa hiyo viko vingapi?" Wengi wataanza kuhesabu upya. Bado hawajang'amua kwamba ile tano ya mwisho ndiyo idadi ya vijiko vyote. Wanasaikolojia Rochel Gelman na Randy Gallistel waliieleza kanuni hiyo mwaka 1978, na daraja hilo mtoto halivuki kwa wimbo. Analivuka kwa kushika vitu, kuvigawa, kuvipunguza na kuulizwa.

Watoto wetu wana shule ya namna hiyo uani. Tazama wasichana wakicheza mdako. Kishimo kimejaa kokoto. Anayecheza anarusha jiwe juu, anazikomba kokoto nje, analidaka. Anarusha tena, anazirudisha shimoni na kubakiza moja tu. Zikiisha za moja moja zinafuata za mbili mbili, kisha tatu tatu. Ukibakiza zaidi au pungufu, wenzako wamekodoa macho, zamu imehama. Hiyo ni kutoa, ni kugawa kwa mafungu, na msahihishaji hajalipwa.

Msaada wa mzazi nao una namna yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu watoto wa darasa la kwanza na la pili nchini Marekani ulionyesha kwamba wazazi wanaoogopa hesabu, waliposaidia kazi za nyumbani mara kwa mara, watoto wao walijifunza hesabu kwa kiwango cha chini mwaka ule na kuiogopa zaidi. Sisomi hapo kwamba mzazi ajitoe. Nasoma kwamba aingie kwa mlango wake: amwachie mwalimu daftari, yeye ashike vijiko, nyanya na chenji.

Na mwalimu autafute mlango huo. Kabla ya kutaja michango, awaulize wazazi wanafanya kazi gani na wanapimaje: fundi cherehani kwa futi yake, muuza mchele kwa kibaba, babu kwa bao lenye mashimo 32 na kete 64. Akipata majibu, ana zana za kufundishia muhula mzima.

Najua baba wa bodaboda anarudi watoto wamelala, na mama ameamka saa kumi alfajiri. Simwombi mtu aongeze kipindi. Badala ya "lete sahani", sema "tuko wangapi leo? Lete sahani zinazotutosha." Mtoto akileta pungufu, asichekwe wala asifokewe. Aachwe agawe, aone nani kakosa, arudi kabatini mwenyewe.