Ua la Uani

Kiswahili kimeliweka neno ua penye njia panda. Ua ni kile kinachochanua mtini. Ua ni uwanja wa nyuma ya nyumba, uliozungushiwa makuti, miti au mawe. Na kuua ni kutoa roho. Sarufi huyatenganisha, kwani maua hayo ya mtini si nyua hizo za nyumbani. Lakini sikio husikia sauti moja, na washairi wa pwani, wapenzi wa jinasi, wamekwisha kuinufaikia sauti hiyo. Hata hivyo, hapa pana zaidi ya mchezo wa maneno. Mtu anayesimama uani kwake, Bagamoyo au Mapinga, akijiuliza apande mti gani mdogo wa maua, hukabiliwa na maswali matatu: ana haki gani ya kupanda kisicholiwa, ua wake unaishia wapi, na mti wake usije ukamdhuru nani.

Swali la kwanza ni zito kwa mwenye kipato kidogo. Kadiri Dar es Salaam ilivyotanuka kuelekea kaskazini, kupitia Tegeta na Bunju, mashamba mengi yamekatwa viwanja, na wengi hununua kipande cha ishirini kwa ishirini. Nyumba ikishasimama, shimo la choo likachimbwa na kamba ya nguo ikafungwa, nafasi inayosalia hutosha mti mmoja au miwili. Mpapai ungezaa baada ya mwaka hivi. Mdimu ungeukoleza mchuzi kwa miaka mingi. Anayechagua ua akaacha tunda huonekana ameinyima jamaa yake riziki.

Hoja hiyo haifai kupuuzwa, ila inayapima maisha kwa tumbo peke yake, na watu wa pwani hawajapata kuishi hivyo. Kitanda cha bibi harusi hutandazwa asumini, hata katika nyumba ya mvuvi. Kikuba hufungwa kwa maua na majani ya kunukia, kikapachikwa kifuani na mwanamke ambaye mchana alikula ugali kwa dagaa. Lau mambo haya yangekuwa anasa, maskini angekuwa wa kwanza kuyaacha. Hakuyaacha, kwa kuwa kunukia vizuri ni sehemu ya heshima ya mtu, na heshima haisubiri utajiri. Tena ipo miti isiyolazimisha kuchagua kati ya manufaa na uzuri: mhina ni mti mdogo, majani yake hupamba mikono na miguu, na vishada vya maua yake hutia hewa harufu.

Maswali mawili yaliyobaki yanahusu jirani. Mkrismasi, uliotoka Bukini, huwaka mwekundu mwishoni mwa mwaka, na hakuna anayeupita bila kuutazama. Lakini matawi yake hutanda mbali na mizizi yake hutambaa karibu na uso wa ardhi. Katika ua mwembamba, furaha ya mmoja huwa ufa katika ukuta wa mwingine. Upo pia mti mdogo wenye asili ya Marekani ya kitropiki, wenye majani membamba na maua ya njano mfano wa tarumbeta, unaopendwa kwa kuwa huvumilia ukame. Mbegu zake zina sumu inayoshambulia moyo. Mtoto haulizi kabla ya kuokota. Hapo jinasi hugeuka onyo: ua la uani likaua.

Katikati ya haya, mkilua unastahili kukumbukwa. Ni mti mdogo wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, wa ukoo mmoja na mstafeli, na ua lake, kilua, hupendwa kwa harufu yake. Mwaka 1970 wataalamu wa mimea waliupa jina la kisayansi Mkilua fragrans, wakikiri kwamba wenyeji walikuwa wamekwisha kuutambua na kuuita. Lakini misitu hiyo imebaki vipande vipande. Anayekwenda kung'oa mche msituni ili apambe ua wake anaondoa uzuri pale ulipokuwa wa wote na kuufungia ukutani. Anayeotesha mbegu anauongeza.

Na kwa kweli haufungiki. Ukuta humzuia mwizi, hauzuii harufu. Mwenye ua humiliki shina, lakini jioni upepo wa bahari hugawa kilichobaki kwa mpita njia na kwa jirani asiyesemeshana naye. Hata shina lenyewe analo kwa muda tu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868. Waliopanda miembe ya misheni yao wamekwisha kuzikwa, na kivuli kinawafaa watu wasiowajua. Kwa hiyo swali la mti gani upandwe halimhusu mpandaji peke yake. Na achague kwa ajili ya pua ya jirani, mkono wa mtoto, na mtu atakayeinunua nyumba hiyo bila kujua ni nani aliyechimba shimo.