Kupelelezana ni Haramu

Ndugu zetu Waislamu wa Eldoret na wa Pwani, Mwenyezi Mungu ametukataza kupelelezana katika Suratul Hujurat, aya ya 12, wala hakumtoa mtawala katika katazo hilo. Imesimuliwa kwamba Sayyidna Umar aliparamia ukuta usiku akamkuta mtu na ulevi. Mtu yule akamjibu kuwa yeye ameasi moja, na Khalifa ameasi matatu: amepeleleza, hakupita mlangoni, wala hakutoa salamu. Umar akamwacha.

Orodha ya uliozungumza nao kwa simu, saa ngapi na ukiwa wapi, ni katika sitara yako. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 31, yaihifadhi. Mwaka 2018 Mahkama Kuu iliuzuia mpango wa Mamlaka ya Mawasiliano wa kutia chombo katika mitambo ya simu, kilichosemwa ni cha kutambua simu bandia. Mwaka 2020 Mahkama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo.

Hatusemi muuaji asitafutwe. Twasema serikali ipite mlangoni, na mlango ni amri ya hakimu. Lakini anayechungulia simu ya mkewe au ya jirani yake naye keshaparamia ukuta. Basi na tuache sisi kwanza, kisha tudai haki yetu bila ya hofu. Wallahu aalam.