Mtoto Huyu Ana Kosa Gani?

Mtoto anapozaliwa, neno la kwanza waulizalo watu waliokaa uani ni moja tu: Je, ni wa kiume au wa kike? Mkunga hujibu, na vigelegele hupigwa. Lakini zipo nyumba ambamo mkunga hunyamaza. Humtazama mtoto, humtazama tena, kisha humfunika upesi, kwa kuwa viungo vyake havionyeshi wazi jinsi yake. Mtu wa namna hiyo huitwa huntha kwa Kiswahili cha kale, na ndugu zetu Waislamu wamemtaja tangu zamani katika sheria zao za mirathi. Basi jambo hili si geni duniani. Lililo geni kwetu ni kulisema.

Twalisema leo kwa sababu kunyamaza kwaua. Waganga wa hospitali wafundisha kwamba sababu moja kubwa ya hali hii ni ugonjwa wa tezi zilizo juu ya figo. Kwa ugonjwa huo mtoto wa kike huweza kuzaliwa akifanana na wa kiume, na mara nyingi mwili wake hushindwa kuhifadhi chumvi. Siku za kwanza hunyonya vizuri. Juma la pili au la tatu huanza kutapika, hukataa ziwa, hulegea, na asipotibiwa hufa. Ndipo jamaa husema, “Watoto wa namna hii hawaishi.” Kumbe angaliishi! Dawa ipo, nayo ni vidonge vya kumeza kila siku maisha yake yote. Mtoto atunzwaye hivyo hukua, husoma, na huweza kuolewa na kuzaa.

Wazee wetu wa Uzigua, wa Ubondei na wa pwani walikuwa na neno “kigego.” Mtoto aliyeota meno ya juu kwanza alihesabiwa kuwa mkosi wa ukoo, na wako waliouawa au kutupwa porini kwa sababu hiyo. Leo twasimulia mambo hayo kwa huzuni. Lakini mtoto afichwaye chumbani mpaka afe kwa kukosa dawa, je, hukumu yake ni nafuu kuliko ile ya kigego?

Kwa hiyo shauri letu la kwanza kwa wazazi wa Kwedizinga, na wa vijiji vyote vya Handeni na Korogwe, ni hili: msingoje. Mpelekeni mtoto zahanati siku ile ile, na mkiambiwa mwende hospitali ya wilaya, au Magunga, au Bombo kule Tanga, au hata Muhimbili, nendeni. Twajua kwamba nauli ni mzigo mzito kwa mkulima. Basi jumuiya ndogo ndogo, zinazochanga kwa ajili ya arusi na matanga, zichange pia kwa safari hiyo, wala zisidai kuambiwa ugonjwa ni wa kiungo gani.

Shauri la pili: msikimbilie kisu. Upasuaji wa kumwezesha mtoto kukojoa, au wa kuokoa uhai wake, usicheleweshwe. Lakini upasuaji wa kuondoa aibu ya ukoo tu ni jambo jingine, kwa kuwa kilichokatwa hakirudi, na mwenye mwili bado hajaweza kusema. Jirani zetu wa Kenya wamelishughulikia neno hili kwa sheria. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua shauri la mama mmoja, ambaye mtoto wake, aliyezaliwa mwaka 2009, aliandikiwa alama ya kuuliza mahali pa jinsi katika karatasi za hospitali. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 watu wa hali hii walihesabiwa kwa mara ya kwanza, wakapatikana 1,524. Kisha Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ikakataza kumbadilisha au kumwondolea mtoto kama huyo kiungo pasipo ushauri wa daktari bingwa. Kanisa nalo, katika hati Dignitas Infinita iliyotolewa Roma mwaka 2024, limesema kwamba mtu mwenye kasoro ya viungo vya uzazi aweza kuchagua kusaidiwa na waganga. Neno ni kusaidiwa, wala si kufichwa.

Twawaonya pia wale wapelekao wavulana jandoni. Mtoto ambaye tundu la mkojo halipo penye ncha asitahiriwe kabla ya kuonwa na daktari, kwa kuwa ngozi ile ile ikatwayo huweza kuhitajiwa katika kumtengeneza. Na msichana aliyefika miaka 15 au 16 asipate hedhi, aonwe na daktari kabla ya kuposwa, asije akafukuzwa kwa mumewe kwa jambo asilolijua.

Wako watakaouliza: Mbona Maandiko yasema Mungu aliumba mume na mke? Ndiyo, yasema hivyo, nasi twaliamini. Lakini soma tena mstari ule ule, utaona kwamba kabla ya kutaja mume na mke wataja kwanza mfano wa Mungu. Mtoto ambaye macho yetu yashindwa kumtambua ni mfano huo huo, usiopungua hata kidogo. Wanafunzi walipomwona kipofu tangu kuzaliwa waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana wetu akakataa yote mawili. Baba, usimtupie mama lawama. Bibi, usitafute mchawi. Hali hii mtu hakuichagua, nasi tusimtungie dhambi.

Mapadre na makatekista nao wana sehemu yao. Mtoto huyu abatizwe pasipo kukawia. Filipo hakumzuia yule towashi Mhabeshi alipoyaona maji njiani. Wazazi wanaosita juu ya jina wachague lifaalo kwa wote, kama Baraka au Amani, mpaka waganga wamalize kazi yao. Akija kijana wa hali hii kuulizia ndoa, asijibiwe kwa haraka wala kwa mzaha, bali jambo lipelekwe kwa askofu kwa siri. Na ikumbukwe kwamba utasa peke yake hauvunji ndoa ya Kikristu. Atakayeitoa siri hiyo kilabuni au kisimani amemwibia ndugu yake heshima, na mwizi hudaiwa kurudisha.

Tena mtoto mwenyewe aambiwe ukweli kidogo kidogo, kadiri ya umri wake, na wazazi wake, si na wachokozi wa shuleni. Ajue kwamba ni mgonjwa ikiwa ni mgonjwa, na kwamba ni mzima ikiwa ni mzima. Na siku zote ajue kwamba ni mwana wa nyumba ile.

Siku ya mwisho Bwana hatatuuliza mtoto yule alikuwa wa jinsi gani, kwa kuwa Yeye ajua. Atatuuliza kama tulimpa dawa, na jina, na nafasi ya kukaa nasi penye chakula.