Mlango wa Kikundi: Ufungwe au Uachwe Wazi?



Katika mtaa wetu, kama katika mitaa mingi ya Kanisa letu, viko vikundi vinavyokutana nyumbani kwa Wakristo mara moja kwa juma. Wanakikundi husoma sehemu ya Maandiko, huizungumza, huombeana, na apendaye hueleza mzigo wake. Siku hizi jirani zetu wameanza kuomba nafasi: Walutheri na Wakatoliki, Waislamu kadhaa, na wengine wasioshika dini yoyote. Wazee wamegawanyika. Wako wasemao, "Wakaribishwe wote," na wako wasemao, "Kikundi kina wenyewe." Jambo hili si la viti na chai tu. Ni swali la haki: twadaiwa nini na jirani aliye nje, na twadaiwa nini na ndugu aliye ndani?

Na tuanze na wale wanaotaka mlango ufungwe, maana watu huwaita wachoyo, na kuwaita hivyo ni kuwaonea. Mjane anaposimulia jinsi shemeji zake wanavyotaka kumnyang'anya shamba, au baba anapokiri kwamba mwanawe amenaswa na bangi, anasema kwa sababu anazijua nyuso zilizo mbele yake. Mweke hapo jirani wa shemeji, na kesho shauri la mjane litakuwa kilabuni. Bwana wetu mwenyewe, katika Mathayo 18, aliagiza kwamba ndugu aliyekosa aonywe kwanza faraghani, watu wawili peke yao, kabla ya jambo kufikishwa mbele ya kanisa. Basi faragha si dhambi. Yako maneno yanayohitaji kuta.

Tena sisi tuliokaa miaka mingi darasani twajua mgeni anavyogeuza mazungumzo. Mkaguzi wa shule akiingia, watoto hukaa wima kama mishumaa, na mwalimu hufundisha lile somo alilolitayarisha jana usiku. Hakuna asemaye uongo, lakini hakuna aulizaye swali la kweli. Kikundi chenye wageni kila juma chaweza kuwa hivyo: sala nzuri, maneno safi, na mizigo yote ikarudi nyumbani ilivyokuja.

Lakini darasani tuliona na jambo la pili. Mwanafunzi aliyehamia kutoka shule nyingine ndiye aliyethubutu kuuliza lile ambalo wenzake waliliogopa au walilizoea. Mtume Paulo alilijua hilo. Alipowaandikia Wakorintho juu ya ibada yao, katika sura ya 14 ya waraka wa kwanza, alichukua kwamba mtu wa nje aweza kuingia wakati wowote, akawataka waseme maneno ambayo huyo ataelewa na kuguswa moyoni. Hakuwaambia waweke bawabu.

Historia ya nchi zetu yasema vivyo hivyo. Mwaka 1929 daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini, Rwanda, aitwaye Joe Church, alikutana mjini Kampala na Simeoni Nsibambi, Mganda. Wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 Uamsho ukaenea kutoka Rwanda na Uganda hadi Kenya na Tanganyika, kwa vikundi vidogo vya ushirika majumbani na kwa mikutano mikubwa. Haukukaa kwa Waanglikana. Huko Bukoba uliwafikia Walutheri. Huko Kenya Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti waliketi pamoja na kuitana ndugu. Kama wale wa kwanza wangeweka kufuli mlangoni, wengi wetu tusingalirithi kitu.

Hata hivyo, ndugu hao nao walijaribiwa. Jina waliloitwa, Balokole, yaani waliookoka, liligawa usharika mmoja kuwa wa ndani na wa nje. Na wao pia walionja kuwa nje: mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha Kanisa cha Mukono walifukuzwa kwa sababu ya mikutano yao ya alfajiri na mahubiri yao. Mtu anayefunga mlango leo asidhani kwamba yeye hataukuta umefungwa kesho.

Tena lipo jambo zito zaidi. Nchi ile ile ulimoanzia Uamsho iliingia katika mauaji ya kimbari mwaka 1994, na waliobatizwa wakawaua waliobatizwa. Walikuwako Wakristo waliowaficha jirani zao na kufa kwa ajili hiyo, wala hatutasema kwamba vikundi vya sala ndivyo vilivyoleta msiba. Lakini yatupasa kujiuliza: watu waweza kukiri makosa madogo kila juma, hasira na wivu na ulevi, na ile chuki kubwa inayowazunguka isitajwe hata mara moja. Watu waliozoeana huzoea na kunyamaza pamoja. Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake, wahenga walisema. Sisi twaongeza kwamba yule aliyelala humo miaka yote naye huacha kuiona ila hiyo.

Sasa tufanyeje? Nyumba za zamani za mwambao zaweza kutufundisha. Nje, kando ya mlango, palikuwa na baraza ya kukalia, na hapo kila mpita njia aliweza kuketi, kupewa kahawa na kuzungumza. Ndani zaidi palikuwa pa jamaa peke yao. Hakuna aliyemwita mwenye nyumba mchoyo kwa sababu mgeni hakufika chumbani, wala hakuna aliyesifu nyumba isiyo na mahali pa kumkaribisha mgeni.

Twaona basi kwamba kosa ni kuuliza kana kwamba yote yasemwayo kikundini ni mali ya namna moja. Siri ya mjane ni ya mjane. Si ya kikundi, si ya mzee wa kanisa, si ya kasisi. Kikundi hakina haki ya kumgawia mgeni kitu kisicho chake, hata kwa nia njema. Lakini Neno la Mungu nalo si mali ya kikundi. Hatuna haki ya kulifungia Neno ndani na kusingizia siri za mjane. Siri ilindwe kwa ajili ya mwenye siri. Neno, na mazungumzo juu yake, yakae barazani.

Tuseme kweli nyingine: siri nyingi zilizotoka katika vikundi hazikutolewa na wageni. Zilitolewa na sisi wenyewe, kisimani, sokoni, na siku hizi kwa simu ya mkononi. Kikulacho ki nguoni mwako. Anayedhani kwamba mlango uliofungwa watosha kumlinda ndugu yake hajaupima ulimi wake.

Tena kiko kipimo kingine. Je, tukimzungumzia jirani yetu Mwislamu au Mlutheri, twaweza kuyasema yale yale yeye akiwa ameketi nasi? Kama hatuwezi, basi huo mlango haumlindi mnyonge. Unalilinda tu sengenyo letu.

Na tukimkaribisha jirani, tumkaribishe kwa ukweli. Kumwambia, "Njoo tuzungumze," huku moyoni tukikusudia asikilize tu mpaka abadilike, ni hila. Tumweleze kwamba sisi ni Wakristo, twasoma Biblia na twaomba kwa jina la Yesu. Naye awe huru kuuliza, kukataa, na kueleza ayaaminiyo bila kukatizwa. Sisi tumeagizwa kushuhudia, hatukuagizwa kumtega mtu.

Kwa hiyo twapendekeza kwa Halmashauri ya Kanisa haya. Majuma matatu ya mwezi kikundi kiwe wazi kwa jirani yeyote, na mwenye nyumba aarifiwe mapema. Juma la nne liwe la wanakikundi peke yao, kwa ajili ya mizigo na maungamo. Mtu asiulizwe mambo yake ya nyumbani mbele ya wageni, na neno la mtu lisichukuliwe nje bila ruhusa yake, awe mwanakikundi au mgeni. Maana mgeni naye ana siri.

Mpango huu una hasara yake. Yuko atakayekuwa na mzigo juma la kwanza, na la nne litakuwa mbali. Huyo asiachwe asubiri: aende kwa mtu mmoja anayemwamini, au kwa kasisi, usiku huo huo. Lakini hasara ya kufunga siku zote twaiona kubwa zaidi, kwa sababu anayeipata hatumwoni. Yeye yuko njiani, anasikia tukiimba, kisha anapita kwenda zake.

Msomeapo haya, semezaneni katika vikundi vyenu kabla Halmashauri haijakutana, na ikiwezekana mwulizeni na jirani mmoja aliye nje. Mungu atupe hekima ya kujua lipi la barazani na lipi la ndani.