Makala Nzuri Haijiuzi: Itembeze

Blogu yako ina makala nzuri. Uliketi usiku wenzako wakiwa wamelala, ukapanga hoja, ukafuta, ukaandika upya, ukabonyeza kitufe cha kuchapisha. Kisha ukasubiri. Wiki imepita, waliosoma wanahesabika kwa vidole, nao karibu wote ni ndugu na marafiki. Sasa unajiuliza kama kuna haja ya kuendelea.

Haja ipo, tena kubwa. Kinachokukwamisha si uandishi wako. Ni ile methali tuliyokua nayo: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Waliotuachia methali hiyo waliishi mahali ambapo fundi hodari alijulikana mtaa mzima, na sifa zake zilitembea kwa midomo ya majirani. Kwenye intaneti huna jirani anayepita mlangoni akachungulia. Makala bora kabisa ya Kiswahili, ikiwekwa kwenye blogu isiyotajwa popote, haionekani, sawa na makala mbovu. Inayosomwa ni ile ambayo mwenyewe alipata moyo wa kuibeba na kuipeleka kwa watu.

Kwa hiyo la kwanza ninalokuomba ni kuondoa haya. Kujinadi si majivuno pale unapokuwa na kitu cha kumfaa mtu. Kama umeandika namna ya kukinga kuku na mdondo, na kuna mama ambaye banda lake linateketea jioni hii kwa sababu hajui, basi ukimya wako haumsaidii yeyote. Hasara ni yake, na heshima ya unyenyekevu unayodhani umeilinda haimrudishii hata kifaranga kimoja.

Wasomaji wapo

Usikubali kuambiwa kwamba Waswahili hawasomi. Mwaka 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, ikikadiria kwamba wazungumzaji wa lugha hii wanazidi milioni 200. Wako Dodoma na Mombasa, wako Goma, Bujumbura na Muscat, na wengine wamehamia Minneapolis wakiwa bado na kiu ya kusoma kwa lugha ya kwao. Wengi wao wana simu mkononi saa hii. Wanasoma tangu asubuhi hadi usiku. Wanachosoma ni kile kilichowafikia.

Kumbuka pia ulikoanzia msafara huu wa blogu za Kiswahili. Ndesanjo Macha alipoanzisha blogu yake ya Kiswahili, Jikomboe, mwaka 2004, Facebook ilikuwa ya wanafunzi wa vyuo vya Marekani tu; watu wote walifunguliwa mlango mwaka 2006. Mpiga picha Issa Michuzi alianza blogu yake mwaka 2005, ikawa mahali Watanzania wa nyumbani na wa ughaibuni walipokutana kila siku. Waliwakusanya wasomaji wakati ambapo kupata intaneti kulimaanisha kupanga foleni kwenye kafe na kulipia kwa saa. Baadaye Millard Ayo, ambaye watu walimjua kwa sauti ya redioni, akaipeleka habari ileile kwenye tovuti yake, YouTube na Instagram, kila mahali kwa sura inayopafaa. Wewe una vyombo vyote hivyo mfukoni. Kilichobaki ni kuvitumia kwa akili.

Kiungo kimoja, tangazo tofauti

Wengi hunakili kiungo cha makala na kukitupa kila mahali kwa maneno yaleyale: "Makala mpya, karibuni msome." Mpiga debe wa daladala angekushangaa. Yeye hamwambii abiria kwamba gari lipo. Humtangazia linakokwenda, na mwenye safari ya Mbagala hugeuka mwenyewe. Nawe mwambie msomaji makala inamfikisha wapi.

Tuchukue makala hiyohiyo ya mdondo, ugonjwa ambao wengine huuita kideri, tuitembeze mtandao kwa mtandao.

Kwenye WhatsApp, anza na stetasi. Stetasi hukaa saa 24 na kutoweka, na anayeiona ni yule ambaye nyinyi wawili mmehifadhiana namba. Kwa hiyo jenga tabia ya kuwaomba wasomaji wako waihifadhi namba yako, nawe uihifadhi ya kwao. Weka picha ya kuku aliyepinda shingo na swali moja: "Umewahi kuona kuku akiwa hivi?" Kiungo kifuate. Tangu mwaka 2023 WhatsApp ina chaneli pia, ambako wafuasi hawaonani namba. Hapo unaweza kukusanya hata wasomaji usiowafahamu. Makundi nayo yana nguvu, lakini yana adabu zake. Kundi la msiba si mahali pa kutangaza blogu, na kundi la familia huchoka haraka. Kundi la wafugaji ndilo lililokuwa likikusubiri.

Kwenye Facebook, nenda kwenye makundi ya watu wenye shida unayoijua. Mtu akiuliza kwa nini kuku wake wanaharisha kijani na kupumua kwa tabu, mjibu kikamilifu palepale, kwa upole, kama unavyomjibu jirani. Ukishamsaidia, mwambie kwamba maelezo marefu zaidi yako kwenye blogu. Watu hubofya kiungo cha mtu aliyekwisha kuwafaa. Aliyekuja na kiungo tu humpita.

Kwenye Instagram, macho ndiyo yanayoamua. Tengeneza picha tano za kutelezesha: dalili moja kwa kila picha, ya mwisho ikionyesha chanjo. Kiungo ukikiweka kwenye maelezo ya chini ya picha hakifunguki kwa kubofya, kwa hiyo kiweke kwenye wasifu wako au kwenye stori. Tena sema waziwazi kwamba kiko huko, kwa maana mtu asiyeelekezwa hatafuti.

Kwenye TikTok, onyesha mkono ukimshika kuku na tone moja la chanjo likidondoka jichoni. Dakika moja inatosha. Sema kwa sauti yako, kwa Kiswahili cha kwenu, kwamba chanjo hiyo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu na kwamba ratiba nzima umeiandika. YouTube inataka video ndefu kidogo, na ina faida ya pekee: watu huingia humo kutafuta majibu, hivyo video ya leo inaweza kukuletea msomaji mwaka kesho kutwa. Weka kiungo kwenye mistari ya mwanzo ya maelezo yake.

Kwenye X, chapisho la kawaida lina herufi 280. Vunja makala yako iwe machapisho sita yanayofuatana, la kwanza likiwa na hoja inayomfanya mtu asimame: kwamba mdondo unaweza kumaliza banda zima ndani ya siku chache, na kwamba kinga yake ni tone la chanjo. Huko wako wanahabari, maofisa, watafiti na wabishi. Wajibu wote kwa heshima. Mwandishi wa kilimo akikunukuu mara moja, utapata wasomaji ambao usingewafikia peke yako.

Anayeandika kuhusu kazi na taaluma aende LinkedIn. Anayeandika mapishi, mishono au mapambo ya nyumba ajaribu Pinterest, ambako picha huendelea kutafutwa muda mrefu baada ya kupandishwa. Lakini usijaribu yote kwa pamoja. Chagua miwili ambayo wasomaji wako wamo, uifahamu barabara, kisha uongeze wa tatu. Afadhali watu wakuzoee mahali pawili kuliko wakuone mara moja mahali pote.

Hakikisha wanafika kwako

Mitandao hii inapata fedha kwa kumbakiza mtu ndani yake. Wewe unamwomba atoke aje kusoma. Basi usiweke kikwazo njiani. Kumbuka bando. Wapo watu wengi wanaonunua kifurushi cha mitandao ya kijamii peke yake. Wakifungua kiungo cha nje, salio linaumia au ukurasa unakataa kufunguka. Punguza uzito wa picha zako kabla ya kuzipandisha. Ondoa madoido yanayochelewesha ukurasa. Kabla hujasambaza, jitumie kiungo mwenyewe uone kama picha na kichwa cha habari vinajitokeza vizuri, kisha kifungue kwa simu ya bei nafuu yenye mtandao dhaifu. Kikifunguka hapo, kitafunguka popote.

Na usije ukafanya kosa la kuihama blogu kwa sababu umepata wafuasi wengi kwingine. Wafuasi wale hukuwekewa milele. Vine, iliyowapa umaarufu vijana wengi kwa video za sekunde sita, ilizimwa mwaka 2017. Google+ ilifungwa Aprili 2019, pamoja na yote ambayo watu walikuwa wameyaandika humo. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja takriban saa sita, na aliyetegemea hizo tatu hakuwa na njia ya kumfikia msomaji hata mmoja. Nchini Uganda, serikali iliifunga Facebook Januari 2021 wakati wa uchaguzi, na waliokuwa wamejenga kila kitu humo walijikuta wakianza upya.

Kwa hiyo mitandao ikutangazie, lakini kazi yenyewe ikae kwenye blogu yako. Kila chapisho liache jambo moja la ziada ambalo linapatikana kwenye makala kamili tu: ratiba ya chanjo, orodha ya vifaa, mchanganuo wa gharama. Weka mahali pa msomaji kuacha barua pepe yake, umwandikie moja kwa moja kila unapochapisha. Orodha hiyo utabaki nayo hata mtandao fulani ukifungwa. Hifadhi nakala za makala zako. Na kama uko Tanzania, tafuta kujua mapema Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zinasemaje kuhusu aina ya maudhui unayotoa. Zilianza mwaka 2018 na zimekuwa zikirekebishwa, hivyo mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ndiyo ya kuuliza, si uvumi wa mtaani. Anayejua haki na wajibu wake huandika kwa kujiamini.

Rudia, pima, rudia tena

Makala haizeeki siku ya pili. Wengi huitangaza mara moja, asubuhi ya kuchapisha, kisha wanaisahau. Wakati huohuo waliokuwa kazini, shambani au safarini hawakuiona kabisa. Itangaze tena jioni. Itangaze tena wiki ijayo kwa swali jingine na picha nyingine. Zamu ya chanjo inayofuata ikikaribia, itoe tena. Kama umeandika namna ya kuchagua kozi ya chuo, irudishe kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka. Makala moja iliyoandikwa kwa makini inaweza kukuhudumia miaka, ukikumbuka tu ni lini watu wanaihitaji.

Fungua takwimu za blogu yako kila wiki. Zitakuonyesha waliosoma walitokea wapi. Kama kundi moja la Facebook linakuletea watu kuliko Instagram nzima, ongeza juhudi pale, hata kama Instagram ndiyo yenye sifa mjini. Angalia pia makala ipi inasomwa hadi leo, kisha uandike dada yake. Usihesabu kupendwa peke yake. Maoni ya mtu mmoja aliyejaribu ulichomwelekeza na kikamfaa yana uzito kuliko mioyo mia.

Na wajibu watu. Mtu akikuandikia, hata kwa neno moja, mjibu kwa jina lake. Akikusahihisha, mshukuru na urekebishe. Soma blogu za wenzako pia, uzisambaze pasipo kuombwa, uache maoni yenye hoja. Wanaoandika kwa Kiswahili bado ni wachache mno ukilinganisha na wanaokizungumza, kwa hiyo mwenzako akipata wasomaji, wewe hupungukiwi. Ameongeza idadi ya watu waliozoea kusoma kwa lugha yenu, na wao hao kesho watakuwa wako.

Jambo la kufanya wiki hii ni dogo. Fungua blogu yako, chagua makala moja ya zamani unayoiamini. Iandikie matangazo mawili tofauti kwa mitandao miwili tofauti, kila moja likisema wazi msomaji atapata nini. Tafuta kundi moja lenye watu wenye shida hiyo, umjibu mtu mmoja kwa ukamilifu. Wiki ijayo fanya hivyo kwa makala ya pili. Idadi itapanda polepole, kuna siku itashuka, na siku hiyo ndiyo wengi huacha. Wewe usiache. Kuna mkulima, mwanafunzi, mzazi, fundi anayeandika swali lake usiku huu kwa Kiswahili na kukuta majibu ya lugha asiyoielewa, ilhali jibu lake uliliandika zamani. Litoe ulikolificha, ulibebe, umfikishie, tena na tena, mpaka alipate.