Alibonyeza "Nakubali" kwa Niaba ya Mama Mkwe

Ubishi huu niliusikia Sikonge na mpaka leo haujanitoka. Tulikuwa kwenye kibanda cha wakala wa fedha, tukisubiri gari la kurudi Tabora. Kijana mmoja, mkulima wa tumbaku, alikuwa amekopa kwenye programu ya simu wakati malipo ya chama cha msingi hayajatoka. Siku ya kulipa ikapita. Basi ukatumwa ujumbe kwa watu waliomo kwenye simu yake: fulani tapeli, mwambieni alipe. Ukamfikia hadi mama mkwe.

Mzee mmoja hakumwonea huruma. "Si alibonyeza mwenyewe 'nakubali'? Sasa analalamika nini?"

Watu wakacheka, na hoja ikaonekana imekwisha. Hata mimi niliona imekwisha. Nilianza kuitilia shaka nikiwa ndani ya gari, tukipita kwenye miombo.

Mzee alisema mambo mawili tu: kijana alikubali, kwa hiyo asilalamike. Lakini ili la pili litoke kwenye la kwanza, kuna mengine inabidi yawe kweli, na hayo hakuyataja. Kwamba kijana alisoma alichokikubali. Kwamba maandishi yenyewe yalisema wazi kuwa majina ya simuni yatatumika kumwaibisha. Kwamba wiki ile alikuwa na pengine pa kupata pesa ya vibarua. Haya tunaweza kubishana. Mtu mzima asiposoma mkataba, wengine watasema shauri yake. Lililonikaba ni la nne: kwamba namba ya mama mkwe ni mali ya kijana, anaweza kuitoa kama anavyoazima jembe lake. Yule mama hakukopa. Hakubonyeza kitu. "Nakubali" ya kijana imemfikaje yeye?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka mtu aambiwe taarifa zake zinakusanywa kwa kusudi gani. Na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Kwa hiyo wakubwa nao wameliona. Ila pale kibandani hakuna aliyeitaja sheria, na sidhani ingemtikisa mzee.

Dada wakala ndiye aliyejaribu kusuluhisha. "Mficha uchi hazai, jamani. Ukiwa na deni, sema." Methali tamu, lakini nayo imebeba jambo kimyakimya: kwamba anayekuona uchi ni yule utakayezaa naye. Haisemi uvuliwe nguo stendi. (Na dada mwenyewe, huku akisema hivyo, alikuwa amenisogezea daftari lake niandike jina, namba na kiasi nilichotoa. Juu ya mstari wangu nilisoma jina na kiasi cha mtu aliyenitangulia. Nikaandika tu.)

Ningependa kuishia hapo, mwandishi wa habari akiwa upande wa wanyonge. Ila kuna mama mmoja niliyemhoji miaka kadhaa iliyopita kuhusu madeni ya pembejeo. Alinikaribisha, akanipa kigoda, akaeleza kila kitu, hadi ugomvi wake na mumewe kuhusu pesa. Niliuliza jina lake akanitajia. Nikaliandika gazetini, na ugomvi nikauandika pia. Baadaye alinipigia. Hakufoka. Aliuliza tu, "Mwanangu, mimi nilikuwa naongea na wewe. Hao wengine wametoka wapi?"

Nilimjibu, "Mama, si ulikubali mahojiano?"

Nilikuwa nimechukua kukubali kwake kuzungumza na mgeni aliyekaa uani kwake, nikakufanya kibali cha kusomwa na nchi nzima. Sikumwambia kwamba ni vitu viwili. Sikujua kama ni viwili, au nilijua nikaona afadhali nisiulize. Hilo bado sijaliamua.

Namba yake ninayo. Tangu siku ya Sikonge nimeifungua mara mbili, na mara zote mbili nimeifunga.