Woga si Hakimu
Kuanzia mwezi wa Juni 2006 polisi wa Kanada waliwakamata watu 18, wengi wao vijana waliokulia kulekule, wakishtakiwa njama ya kulipua majumba mjini Toronto. Mara madirisha ya msikiti mmoja yakavunjwa usiku. Je, ni haki?

Kuogopa si dhambi; lakini woga si hakimu. Mmoja wa walioingia kati ya wenye njama na kuwapasha polisi habari alikuwa Mwislamu wa mji uleule. Nayo mahakama, ikimpima kila mtu peke yake, ilihukumu 11. Mashtaka ya 7 yaliachwa. Mvunja dirisha hakupima kitu: jiwe lake liliwaangukia wote, hata waliouokoa mji.

Basi, tukipatwa na hofu, tuulize kwanza: nani ametenda? Tusiulize: ni wa kabila gani, wa dini gani?